Upepo wa Singida na Hesabu ya Uniti 75

Mtu akiniuliza Singida ina nini, humjibu kwa mpangilio uleule wa siku zote: alizeti, kuku wa kienyeji, vitunguu, asali na upepo. Vinne vya kwanza vina soko. Cha tano bado. Kwa zaidi ya miaka kumi jina la mkoa wetu limetajwa katika mipango ya nishati ya nchi hii kama mahali ambapo upepo ungegeuzwa umeme. Palikuwa na mradi wa megawati 50 uliohusisha Shirika la Maendeleo ya Taifa (NDC), na mwingine wa megawati 100 wa kampuni binafsi ya Wind East Africa. Vipimo vya upepo vilichukuliwa, mikutano ikafanyika, na habari kwamba ujenzi u karibu zikasikika zaidi ya mara moja. Hadi ninapoandika, hakuna shamba la mitambo ya upepo Singida linaloingiza umeme katika Gridi ya Taifa.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kwa nini mitambo haijaja. Mimi huwarudishia swali jingine. Mitambo ikija, nani atalipa? Umeme huo utanunuliwa kwa bei gani, bei hiyo itamfikia nani, na mwananchi wa Singida atakuwa wapi siku inapopangwa? Nimeandika makala haya kwa sababu naona mjadala wetu wa nishati jadidifu umegawanyika pande mbili zisizosikilizana. Upande mmoja unahesabu megawati na kuishia hapo. Upande mwingine unahesabu shilingi za LUKU na kuishia hapo. Hesabu hizo ni moja, na mahali pa kuziona pamoja ni kwenye mita ya umeme.

Nitaanza na mita moja.

Mimi ni mtoto wa Unyaturu. Kazi ya ualimu wa chuo kikuu imenipeleka mbali na nyumbani, lakini kila mwaka hurudi, mara nyingine kuwasimamia wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, mara nyingine kuwasalimu wazee tu. Katika safari moja ya namna hiyo nilimtembelea mama mmoja mjane, rafiki wa familia yetu, mwenye nyumba ya vyumba vya kupanga karibu na Ziwa Kindai. Wapangaji wake ni watu wa kawaida wa mjini: mama lishe, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, na mwalimu wa shule ya msingi. Pamoja na yeye mwenyewe ni kaya tano. Mita ni moja. Kila wiki mbili wanachanga, na kila wiki mbili wanagombana.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe umesoma. Nieleze. Huyu jirani yangu ananunua umeme wa elfu moja anapata uniti nane. Mimi kwa elfu hiyohiyo napata mbili na kitu. Mita zote za serikali, nguzo ni moja. Nimemkosea nani?"

Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa. Viwango vya bei ya umeme tunavyovijua viliidhinishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016. Mteja wa kundi la D1, yaani mtumiaji mdogo wa nyumbani ambaye kwa wastani havuki uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi 75 ni shilingi 350. Anayezoea kuvuka kiwango hicho huhamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Hivyo 100 inakuwa 122, na 292 inakuwa 356. Jirani yake yuko D1. Yeye, kwa sababu kaya tano zinapumua kwenye mita moja, yuko T1.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 20 kwa mwezi: taa, simu, redio, pasi mara chache, labda televisheni ndogo. Vyumba vitano ni uniti 100. Katika T1, pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 35,600, na kila chumba kitachanga takribani 7,100. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake katika D1, uniti zilezile 20 zingegharimu shilingi 2,440. Mfikirie sasa mtumishi anayeishi peke yake katika nyumba yenye mita yake, akiwa na jokofu, televisheni na feni, akatumia uniti 70. Atalipa shilingi 8,540. Mama lishe analipa 7,100 kwa uniti 20, na mtumishi analipa 8,540 kwa uniti 70. Unafuu ulioandikwa kwa jina la maskini umepita mlangoni kwa mama lishe na kwenda kulala kwa mtumishi.

Watunga sera hawakukusudia hivyo, na nalisema hili kwa moyo mweupe. Waliweka unafuu kwenye mita kwa sababu mita ndiyo wanayoiona. Lakini mita si kaya. Mjini, maskini ndio wanaogawana mita, na dawa ya kawaida, kwamba kila mpangaji avute umeme wake, ina bei yake. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini ndani ya mita 30 kulirudi kwenye shilingi 320,960, wakati kijijini kulibaki 27,000. Mpangaji anayehama kila mwaka hawezi kuzika laki tatu katika ukuta wa nyumba ya mtu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua katika hiyo namba 75. Gawanya kwa siku 30, unapata uniti mbili na nusu kwa siku. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni mkakati mzuri, na mtu yeyote aliyeona jinsi vichaka vya Manyoni na Itigi vinavyogeuka magunia ya mkaa barabarani hatabisha. Lakini mama anayetii wito huo, akanunua jiko la umeme na kuacha mkaa, ndiye atakayevuka uniti 75. Mkono mmoja wa serikali unamwita, mkono mwingine unamtoza. Akirudi kwenye mkaa tutamwambia hana elimu ya mazingira.

Kwa hiyo, je, tudai shilingi 100 kwa kila mtu? Hapa ndipo wanaharakati wenzangu wanapoanza kunitazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu jibu langu ni hapana, si hivihivi tu. Shilingi 100 haitokani na mnong'ono wa malaika. Kuna mtu anaijaza. Sehemu inajazwa na walio T1, akiwemo mama mjane wa Kindai. Sehemu inajazwa na wafanyabiashara, na mwenye mashine ya kukamua alizeti ni mmoja wao. Sehemu inajazwa na hazina, yaani sote, pale serikali inapobeba madeni ya TANESCO. Sehemu nyingine, ambayo haionekani katika kitabu chochote, inajazwa na nguzo iliyooza bila kubadilishwa na transfoma iliyozidiwa ambayo haikuongezewa nyingine. Umeme unaokatika kila jioni ya upepo mkali nao ni bei, ila hauandikwi kwenye risiti.

Tunakumbuka yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2016. TANESCO iliomba kupandisha bei, EWURA ikapitia na kuidhinisha nyongeza ya takribani asilimia 8.5 ianze Januari 1, 2017. Kabla haijaanza, Waziri wa Nishati wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, aliisitisha, na siku ileile ya mwaka mpya Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO. Wananchi wengi walifurahi, na sioni haya kusema walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tukio lile lilitufundisha kitu: kwamba bei ya umeme katika nchi yetu, pamoja na sheria, mdhibiti na mikutano ya taftishi, mwisho huamuliwa kisiasa. Silaumu siasa. Kugawana mzigo ni kazi ya siasa. Ninachouliza ni kwa nini siasa hiyo ifanyike usiku wa kuamkia mwaka mpya, wakati wenye kubeba mzigo wamelala.

Turudi kwenye upepo, kwa sababu upepo nao utafika kwa mama mjane kwa njia ya bei.

Shamba la upepo halichomi mafuta. Karibu gharama yake yote iko mwanzoni: mitambo, misingi, barabara, nyaya, na riba ya mkopo uliolipia vyote hivyo. Mwekezaji hutaka mkataba wa kuuziana umeme wa miaka 20 hivi, bei ikitajwa mara nyingi kwa dola, ili benki imwamini. Mnunuzi ni mmoja tu, TANESCO. Akikubali bei ya juu, ameifunga nchi kwa miaka 20. Akikataa kila bei, upepo unaendelea kupeperusha vumbi. Ugumu wote wa nishati jadidifu umo katika sentensi hizo mbili.

Watanzania wana sababu ya kuogopa mikataba ya namna hiyo. Mwaka 1995 tulitia saini na IPTL mkataba wa miaka 20 wa mtambo wa mafuta wa megawati 100 pale Tegeta, tukalipia uwezo wa mtambo hata siku ambazo haukuzalisha, tukaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwisho wa safari ndefu tukaangukia sakata la Escrow lililotikisa Bunge mwaka 2014. Katikati yake kulikuwa na Richmond, iliyomwondoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tofauti ni kwamba nyoka wa IPTL hakuwa mafuta wala dizeli. Alikuwa mkataba ambao mlipaji hakuruhusiwa kuusoma.

Jirani zetu wa Kenya wametupa somo la upepo wenyewe. Mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilichelewa. Mitambo ilisimama bila kuuza, na kwa mujibu wa mkataba serikali ikadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Njia ilipokamilika mwaka 2018 upepo ule ukawa sehemu muhimu ya umeme wa nchi hiyo, na hilo halina ubishi. Lakini Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi, katika kaunti ya Marsabit, zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria kuhusu ardhi ya jamii. Mwaka huohuo kikosi kazi kilichoundwa na Rais Uhuru Kenyatta kilipendekeza mikataba ya kununua umeme ipitiwe upya ili bei ishuke. Umeme ni safi, mkataba ni mzito, na wafugaji waliokuwa pale kabla ya mitambo walikwenda mahakamani. Yote matatu ni kweli kwa wakati mmoja.

Singida ina bahati moja ambayo Turkana haikuwa nayo. Njia zipo. Msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kama kilomita 670, ulikamilika mwaka 2016. Kutoka Singida msongo mwingine wa kilovolti 400 unapita Babati na Arusha hadi Namanga kuungana na Kenya. Kituo cha kupoza umeme cha Singida kimekuwa njia panda ya umeme wa Afrika Mashariki. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, mjadala uliwaka kote nchini. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba kusafirisha umeme kutoka kusini hadi kaskazini kunapoteza mabilioni njiani. Hoja hiyo ina mantiki ya kihandisi. Lakini mtoto wa Singida anapoisikia, lazima ajiulize: ikiwa umbali unakula umeme, mbona upepo ulio katikati ya nchi, chini ya nyaya zenyewe, haupigiwi hesabu?

Nitajibiwa kwamba sasa umeme unatosha. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na megawati 2,115, limekamilika mwaka 2025, na uwezo wa nchi umepita megawati 4,000 wakati mahitaji ya juu ni karibu nusu ya hapo. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini zaidi ya nusu ya kapu limewekwa kwenye maji. Oktoba 2015 tulishuhudia mabwawa yakikauka hadi mitambo ya maji ikazimwa. Mwaka 2022 mgao ulirudi kwa sababu ileile. Mwenyeji wa Singida anajua bila kupimiwa kwamba upepo wake huvuma kwa nguvu zaidi miezi ya kiangazi, mito inaposinyaa. Upepo huu unafaa kuwa akiba ya bwawa: siku unapovuma, maji yanabaki nyuma ya ukuta yakingoja. Thamani yake isipimwe kwa kuilinganisha na uniti ya maji katika mwaka wa mvua. Ipimwe kwa gharama ya mgao katika mwaka wa ukame, ambapo mashine ya alizeti inalala msimu mzima na mbegu inaondoka mkoani ikiwa ghafi.

Je, jamii inaweza kuwa na sauti katika manunuzi ya aina hii, au ni ndoto ya wasomi? Nitaje mifano michache.

Huko California, Marekani, sheria ya mwaka 2002 iliruhusu miji na kaunti kuungana na kununua umeme kwa niaba ya wakazi wake. Nguzo na nyaya hubaki za kampuni ileile ya zamani. Kinachobadilika ni nani anachagua umeme ununuliwe wapi. Kaunti ya Marin ilianza mwaka 2010. Vikao vya bodi viko wazi, mkazi anaweza kujitoa, na anayetaka umeme jadidifu mtupu anaongeza kidogo kwa hiari yake. Si pepo. Mwaka 2021 mpango mmoja wa miji ya kaunti ya Riverside ulifilisika baada ya wimbi la joto la mwaka uliotangulia kupandisha bei za umeme sokoni, nao haukuwa na akiba ya kutosha. Somo ni la pande mbili: wananchi wanaweza kuwa wanunuzi, na mnunuzi asiye na akiba huanguka.

Hapa kwetu mifano ipo, tena ya zamani. Ludewa, mkoani Njombe, vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi viliunganisha herufi za mwanzo za majina yao, vikaunda LUMAMA, jumuiya ya watumiaji inayoendesha mtambo mdogo wa maji na kuuziana umeme wenyewe kwa wenyewe. Mufindi, kampuni ya Mwenga ilianza mwaka 2012 na maporomoko ya megawati 4, ikauza kwa vijiji na ziada kwa TANESCO, kisha mwaka 2020 ikaongeza mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4 ili kusaidia kiangazi maji yanapopungua. Ndiyo hoja yangu ya Singida, imeshatekelezwa Mufindi, kwa kipimo kidogo.

Na kuna Ukara, kisiwa cha Ziwa Viktoria wilayani Ukerewe, ambako kampuni ya JUMEME ilianzisha gridi ndogo ya umeme wa jua mwaka 2016. Bei yake iliizidi ya TANESCO mara nyingi, na wanakisiwa walilalamika kwa haki: kwa nini Mtanzania wa Ukara alipe zaidi ya Mtanzania wa Oysterbay? Mwaka 2020 serikali ikaagiza gridi ndogo ziuze kwa shilingi 100 kama TANESCO. Usawa ulipatikana kwa agizo, lakini pengo kati ya gharama na bei halikupewa mtu wa kulijaza. TANESCO inaweza kufidia Ukerewe kwa fedha za Dar es Salaam. Mwenye gridi ya kisiwa kimoja hana Dar es Salaam yake. Mwekezaji akasita, na kijiji kinachofuata kwenye foleni kikabaki na kibatari. Aliyelipia unafuu wa Ukara ni mtu asiyejulikana jina, wa kisiwa ambacho hakijafikiwa.

Nikiyaweka haya pamoja, naona mambo manne ambayo Singida inaweza kuyadai bila kungoja muujiza.

La kwanza, mkataba wowote wa kununua umeme wa upepo mkoani mwetu usomwe hadharani kabla ya kutiwa saini: bei kwa uniti, sarafu, miaka, na nani anabeba hasara ikiwa njia imechelewa au upepo umepungua. Upatikane kwa ushindani, si kwa barua ya nia iliyokaa kabatini miaka kumi. Bei isiyoweza kusomwa mbele ya mkutano wa hadhara Ikungi isitiwe saini Dodoma.

La pili, vijiji vyenye ardhi viingie kama wabia. Mnara wa upepo unachukua eneo dogo, na chini yake alizeti inaweza kuendelea kulimwa. Hakuna sababu ya kijiji kulipwa fidia mara moja na kuondoka. Kodi ya ardhi ya kila mwaka, au hisa zinazoshikwa na chama cha ushirika, ni lugha ambayo wakulima wetu wanaijua. AMCOS zetu zina kasoro zake, lakini mkulima anajua kuuliza mizani ilisomaje na fedha ziko wapi. Maswali hayohayo yanahitajika kwenye umeme.

La tatu, unafuu uhesabiwe kwa kaya. Serikali ya mtaa inawajua wapangaji, na mwenyekiti wa mtaa hutia muhuri barua zao kila siku. Nyumba yenye kaya tano ipewe kiwango cha uniti 75 mara tano, au wapangaji wawekewe mita kwa ada ya kijijini. Na kaya inayopikia umeme iongezewe kiwango, la sivyo mkakati wa nishati safi utabaki kwenye mabango.

La nne, pale serikali inapoamuru bei moja kwa wote, na mimi naunga mkono bei moja kwa wote, iseme siku hiyohiyo fedha ya kujaza pengo inatoka wapi. Kila mnunuzi wa LUKU analipa asilimia 3 kwa ajili ya nishati vijijini. Huo ni mfuko wetu. Umesaidia kufikisha nguzo katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, kazi kubwa ambayo wazazi wetu hawakuiota. Sasa kazi imehamia kwenye vitongoji na kwenye swali la nani anamudu kuwasha taa baada ya nguzo kufika.

Najua watumishi wa umma wanaonisoma watasema haya yanahitaji sheria, kanuni na muda. Ni kweli. Ramani ya mageuzi ya sekta ya umeme iliyotolewa mwaka 2014 ilitarajia hadi 2025 TANESCO iwe imegawanywa katika kampuni za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Mwaka 2025 umefika na shirika ni moja. Sina hamu ya kuona shirika likikatwakatwa kwa ajili ya ramani. Lakini hesabu za ununuzi na za uuzaji zinaweza kutenganishwa kwenye karatasi kesho asubuhi, ili mlipaji aone kila uniti imenunuliwa kwa kiasi gani na kuuzwa kwa kiasi gani. Hilo halihitaji mkopo wa benki yoyote.

Wanafunzi, mikutano ya taftishi ya EWURA iko wazi kwa mwananchi yeyote, na mara nyingi viti vya nyuma huwa vitupu. Nendeni na kalamu. Wanaharakati, tukidai umeme safi tutaje bei yake, na tukidai bei nafuu tutaje mlipaji wake. Ukitaja kimoja ukaficha kingine, utashinda mjadala na kumwacha mama mjane wa Kindai palepale.

Yeye nilimwahidi kitu kimoja tu, kwamba swali lake nitalifikisha kwa watu wanaoweza kulijibu. Aliniuliza amemkosea nani. Hakumkosea mtu. Ana wapangaji wanne na mita moja.